Karatasi iliungua, gazeti libaki: historia ya meza ya uhariri iliyojengwa na wanafunzi

Juma lililopita, mbele ya nyumba ya familia moja inayopokea wakimbizi wa ndani, kijana mwanafunzi aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Kabla vita haijawakimbiza, yeye na wenzake walikuwa na gazeti katika shule yao ya juu. Lilikuwa la kurasa nne. Walilitoa kwenye duka la fotokopi, na nakala moja ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, ule ambao wanafunzi wetu wanauita « valves ». Siku ya kukimbia alibeba nguo, akamshika mdogo wake mkono, na mfukoni akawa na simu yenye kioo kilichopasuka. Magazeti yalibaki, na kompyuta yenye nakala ilibaki pia.

Akaniambia: « Kaka, wenzangu wa promosyo mmoja yuko Beni, mwingine Bujumbura, wengine Kampala. Tunaweza kweli kufanya gazeti tena, namna hii tumetawanyika? »

Nimelifikiri swali lake siku kadhaa. Jibu ni ndiyo, na jibu hilo lina historia. Vyombo ambavyo leo magazeti mengi ya dunia yanavitumia kwenye intaneti, sehemu kubwa vilianzishwa na wanafunzi au vijana waliotoka tu kwenye masomo, watu wasiokuwa na pesa nyingi. Nataka leo tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo watu waliopoteza karatasi zao wanayahitaji.

Meza ya zamani

Tuanze na meza. Gazeti lolote, hata dogo la shule, lina meza ya uhariri. Juu ya meza hiyo kuna kazi nne. Ya kwanza ni kupokea: mwandishi analeta habari yake. Ya pili ni kusahihisha: mtu mwingine anaisoma, anauliza « uliyaona mwenyewe ao uliambiwa? », anakata maneno ya bure. Ya tatu ni kukubali: mhariri mkuu anasema hii itoke, hii ingoje, hii tuiache. Ya nne ni kuhifadhi: kila toleo linawekwa kabatini pamoja na tarehe yake, ili mtu akija miaka kumi baadaye aweze kulipata.

Wazee waliosoma wakati wa mashine ya roneo wanakumbuka kazi ile. Walipiga stensili kwa taipureta, wakapaka wino, wakazungusha mkono wa mashine mpaka vidole vikawa vyeusi. Kosa moja kwenye stensili lilikuwa taabu. Lakini kazi zote nne zilifanyika katika chumba kimoja, na kila mtu alijua karatasi imefika kwa nani.

Udhaifu wa meza ile ulikuwa chumba chenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na moto wa volkano ukapita katikati ya mji wa Goma ukifunika nyumba, maduka na ofisi. Aliyekuwa na kabati njiani pa moto ule hakuwa tena na kabati. Tangu hapo tumeona mara ngapi nyumba kuporwa, shule kugeuzwa kuwa makao ya watu waliokimbia, madawati na vitabu kuchomwa kama kuni za kupikia? Mwishoni mwa Januari 2025 ilikuwa Goma, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Karatasi haiwezi kukimbia kwa miguu.

Kwa nini maandishi ya wanafunzi ni kitu kikubwa

Mtu atasema: gazeti la wanafunzi ni mchezo wa watoto. Historia ya nchi yetu inasema hapana.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa wakidai maisha yao yaboreshwe. Askari wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi walipotaka kuwakumbuka wenzao waliokufa, serikali ya Mobutu iliwachukua na kuwaingiza jeshini. Mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu vya nchi, yaani Lovanium ya Kinshasa, kile cha Lubumbashi na kile cha Kisangani, viliunganishwa kuwa kimoja kilichoitwa UNAZA, chini ya mkono wa serikali. Tena, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi.

Mpaka leo, kwa 1969 na kwa 1990, watu wanabishana juu ya hesabu ya waliokufa. Serikali ilitoa hesabu yake, walioyaona wakatoa yao. Hapo ndipo tunapoona bei ya kukosa kumbukumbu. Mwanafunzi anayeandika leo kwamba fulani amefukuzwa katika chumba cha malazi, kwamba maji hayapo, kwamba pesa za masomo zimepandishwa, anaandika historia ya kesho. Karatasi yake ikipotea, kesho kila mtu atakuja na hesabu yake.

1993: ukurasa wa kwanza, kazi ya mkono

Tuvuke bahari sasa. Mwaka 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN, kituo cha utafiti kilicho karibu na Geneva, alipendekeza namna ya kuunganisha maandishi yaliyo katika kompyuta mbalimbali. Ndiyo iliyokuja kuwa mtandao wa kurasa tunaoutumia leo. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba kila mtu anaweza kutumia kazi ile bila kulipa.

Wanafunzi hawakungoja. Katika chuo cha ufundi cha MIT, Marekani, kuna gazeti la wanafunzi liitwalo The Tech, lililoanzishwa mwaka 1881. Mwaka huohuo wa 1993 waliweka gazeti lao kwenye mtandao, na mpaka leo wanajitaja kuwa gazeti la kwanza duniani kufanya hivyo. Magazeti makubwa yenye pesa yalikuja nyuma.

Lakini wakati ule kila ukurasa ulitengenezwa kwa mkono. Mtu alichukua habari, akaizungushia alama maalumu zinazoiambia kompyuta « hiki ni kichwa, hii ni aya », kisha akaipandisha kwenye seva, yaani ile kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ili wasomaji waikute. Ukitaka kurekebisha jina moja lililoandikwa vibaya, lazima umtafute mtu yule yule. Akiwa na mtihani, gazeti linangoja. Akimaliza masomo akaenda zake, gazeti linakufa.

Kwa hiyo gazeti lilikuwa limeingia kwenye intaneti, lakini meza ya uhariri ilikuwa bado chumbani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuihamisha meza yenyewe: mwandishi aandike mwenyewe, mhariri asahihishe mwenyewe, bila kumpitia fundi.

Kijiji cha wanafunzi kule Antwerp

Mwaka 2000, katika malazi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, intaneti ya kasi ilikuwa ghali. Dries Buytaert na mwenzake Hans Snijder walitengeneza njia ya kugawana muunganisho mmoja kati ya wanafunzi wanane. Hatuwacheki, sisi pia tunanunua mega za watu watatu na kuzigawana kwa simu moja. Walipokwisha kuunganishwa, waliona wanakosa kitu: mahali pa kuachiana habari, mtandao umekufa ao unatembea, leo tunakula wapi. Buytaert akaandika programu ndogo ya ubao wa habari.

Walipomaliza masomo, hawakutaka kupotezana. Wakaamua kuuweka ubao wao kwenye intaneti ili waendelee kuonana. Buytaert alitaka kuuita « dorp », neno linalomaanisha kijiji katika Kiholanzi. Alipoandika akakosea herufi, ikawa « drop », na kosa likabaki kuwa jina. Januari 2001 aliitoa programu ile bure kwa watu wote, kwa jina la Drupal. Leo inabeba tovuti nyingi za magazeti, za vyuo na za serikali.

Angalia chanzo chake: kundi la marafiki waliokuwa wanatawanyika na hawakutaka kijiji chao kife. Ndilo swali la kijana wetu.

Wafaransa wasiotaka bwana

Mwaka huohuo, Julai 2001, upande wa Kifaransa ulizaliwa mfumo mwingine, SPIP. Waliouanzisha walikuwa kundi la waandishi huru wa intaneti waliojiita minirézo, wenye jarida lao liitwalo uZine. Tangu 1997 walikuwa wanatetea intaneti ambamo mtu wa kawaida anaweza kusema bila kuomba ruhusa kwa kampuni. Jarida la Le Monde diplomatique, linalojulikana na wasomi wetu wengi, lilikuwa kati ya waliotumia mfumo huo tangu mapema.

SPIP nataka tuikalie kidogo, maana imefuata meza ya uhariri karibu kazi kwa kazi, tena katika lugha ambayo wanafunzi wetu wanasomea.

Ndani yake kuna watu wa aina mbili. Kuna mwandishi, anayeweza kuandika na kupendekeza, lakini hawezi kutoa habari peke yake. Na kuna msimamizi, ndiye anayekubali. Kila habari ina hali yake, inayoonekana kwa rangi: inaandikwa, imependekezwa, imetolewa, imekataliwa, ao imetupwa. Habari ikiwa imependekezwa, waandishi wengine wanaisoma na kujadiliana chini yake, mahali ambapo msomaji wa nje haoni. Ile « uliyaona mwenyewe ao uliambiwa? » ya meza ya zamani ina nafasi yake.

Faida yake ni kwamba hakuna anayepaswa kuwa katika chumba kimoja. Mwandishi yuko Uvira, msahihishaji yuko Kalemie, msimamizi yuko Kisangani. Kila mmoja anafungua ukurasa, anaona habari imefika kwa nani, anafanya kazi yake, anafunga. Kwa watu waliotawanywa, huu si urahisi tu: bila hivyo hakuna gazeti.

Houston na Corsica

Mwaka 2003, Matt Mullenweg alikuwa mwanafunzi wa miaka 19 katika chuo kikuu cha Houston, Marekani. Alikuwa anatumia programu ya kuandikia iliyotengenezwa na Michel Valdrighi, kijana wa kisiwa cha Corsica. Valdrighi alikuwa amenyamaza, na programu ikabaki kama shamba lisilo na mwenyewe. Mullenweg akaandika kwamba anafikiri kuiendeleza. Mtu mmoja tu akajibu kwamba yuko tayari kusaidia, Mike Little wa Uingereza. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa WordPress, ambayo leo ndiyo inayotumiwa na tovuti nyingi kuliko mfumo mwingine wowote.

Jambo lililowaruhusu ni moja: programu ile ilikuwa huria. Sheria yake ilisema kila mtu anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuigawa. Mwenye kuianzisha akinyamaza, kazi haifi naye.

Lawrence: saa ya mwisho inakaribia

Mji wa Lawrence, katika jimbo la Kansas, ni mji wa chuo kikuu. Gazeti lake, Lawrence Journal-World, ni la mji mdogo, lakini lilikuwa na kikundi hodari cha mafundi wa intaneti. Mmoja alikuwa Adrian Holovaty, aliyesomea uandishi wa habari. Mwaka 2003 akajiunga naye Simon Willison, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Bath, Uingereza, aliyetumwa kufanya mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi, kama stajeri wetu.

Shida yao ilikuwa saa. Mhariri alikuja asubuhi na kusema: leo tunataka ukurasa wa matokeo ya uchaguzi, kesho ukurasa wa timu za watoto. Wakati mwingine walipewa siku chache, wakati mwingine saa tu. Wakaona kwamba kila mara wanarudia kazi ileile. Habari ina kichwa, mwandishi, tarehe, maneno na picha; timu ina jina, wachezaji na mechi. Kwa nini kutengeneza fomu mpya kila mara?

Wakaandika chombo ambacho unakiambia tu kitu chako kina sehemu gani, nacho kinatengeneza chenyewe fomu za kujazia, kikikagua pia nani ana ruhusa ya kuingia. Mwandishi asiyejua chochote cha programu akaweza kufanya kazi siku ileile. Julai 2005 gazeti lilikubali chombo hicho kitolewe bure kwa watu wote. Jina lake ni Django.

Jina hilo limetoka kwa Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910 katika jamii ya Waroma, watu wa kuhamahama. Mwaka 1928 gari lililokuwa nyumba yake liliungua, moto ukaharibu vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Akajifunza upya kupiga gitaa kwa vidole vilivyobaki, akawa mmoja wa wakubwa wa muziki wa jazi. Sijui kama vijana wa Lawrence walifikiria hilo. Sisi tunaweza kulifikiria.

Mambo ambayo historia inatufundisha

Nikirudi kwa kijana wetu, naona mambo manne.

La kwanza: meza kwanza, chombo baadaye. SPIP na Django zilifaulu kwa sababu waliozitengeneza walijua namna habari inavyotembea kutoka kwa mwandishi hadi kwa msomaji. Kabla ya kutafuta fundi, kaeni, hata kwa simu, mchore njia hiyo kwenye karatasi: nani anaandika, nani anasahihisha, nani anakubali, na habari ya uongo ikitoka, nani anairekebisha na namna gani. Kosa lisifutwe kimyakimya. Liandikwe kwamba limerekebishwa, na tarehe iwekwe.

La pili: ufunguo usiwe wa mtu mmoja. Wanafunzi humaliza masomo, huolewa, hukimbia, hufariki. Magazeti mengi ya wanafunzi hufa kwa sababu neno la siri liliondoka na mtu. Watu watatu wawe nalo, kila mmoja katika mji wake, na kila mwaka ufunguo upewe wadogo wao kwa maandishi.

La tatu: nakala nje ya seva. Seva inalipiwa, pesa ikikosekana inafungwa, na kazi yote inaondoka. Kila mwezi pakueni gazeti lote na kuliweka pahali pawili: flashi kwa mmoja, simu ao kompyuta kwa mwingine, ikiwezekana katika nchi mbili. Na picha ziwe nyepesi. Mama aliye katika eneo la wakimbizi akinunua mega za franka mia tano, zisiishe kwa picha moja.

La nne ni zito kwetu kuliko kwa watu wa Lawrence. Mfumo unaojua nani ameandika nini ni orodha ya majina. Mwaka 1971 wanafunzi wetu walichukuliwa jeshini kwa sababu tu ya kuwa wanafunzi pale. Kwa hiyo msiweke ndani ya mfumo jambo lisilohitajika. Mwandishi anaweza kuwa na jina la kalamu. Mtu aliyewapa habari, jina lake na namba yake visiandikwe ndani ya programu hata kidogo. Mahali anapolala mkimbizi pasitajwe. Mhariri wa zamani aliweka siri hizo kichwani, na pale kichwani ndipo zikae mpaka leo.

Jibu

Nilirudi kumwona yule kijana siku ya Jumapili. Nilimweleza habari za Antwerp, za wanafunzi waliotawanyika na hawakutaka kijiji chao kife. Akacheka. Kisha akaniuliza waanze na nini, kwa kuwa hawana kompyuta hata moja.

Nilimwambia waanze na yale wanayoyakumbuka. Kila mmoja aandike kwenye simu habari moja aliyowahi kuichapisha katika gazeti lililopotea, na tarehe yake kama anaikumbuka. Wamtumie mmoja wao azikusanye, mwingine azisahihishe. Hiyo ni meza tayari. Chombo kitakuja, na ni cha bure.

Mama yake, aliyekuwa anachambua sombe karibu nasi, alikuwa anasikiliza kimya. Akamwambia mwanawe: « Uandike na ile ya maji. Ile mlipoandika kuhusu maji, ndipo walileta robine. »

Kijana akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaanza kuandika.